Kabla ya kuongeza dozi, uliza kadi ya pensheni iko kwa nani

Mzee aliingia chumbani kwangu amenyooka kama yuko gwaride. Anakaribia miaka 70, sajini mstaafu, mmoja wa vijana waliovuka Mto Kagera mwaka 1979. Nilimwamkia, "Shikamoo baba, mwangaluka." Akaitikia kwa sauti ya juu, kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii tangu enzi za mizinga, kisha akaongeza neno lake la kila mwezi: "Niko imara, daktari." Nikamfunga kipimo mkononi. Presha ilisoma 208 kwa 116.

Kwa miezi mitano nilikuwa nimemwongezea dawa. Alianza na amlodipini peke yake, nikaongeza ya pili, kisha nikapandisha dozi, na siku hiyo kalamu yangu ilikuwa tayari inaandika ya tatu. Mkewe, ambaye kwa kawaida hukaa nje kwenye benchi, alikuwa ameingia kumsaidia kusikia. Akaniambia taratibu, kwa namna ambayo mzee asingeweza kuisikia: "Daktari, usimwandikie nyingine. Hizi zenyewe anameza siku moja, siku moja anaruka, ili ziende mbali."

Niliweka kalamu chini. Nimesomea udaktari na nimetibu wagonjwa wa presha kwa miaka mingi, lakini kwa miezi mitano sikuwahi kumuuliza mtu huyu swali moja jepesi: hizi dawa unazinunua kwa hela gani?

Nimewaomba ruhusa ya kueleza habari yao, na nimebadilisha mambo kadhaa ili wasitambulike kijijini kwao. Ninaieleza kwa sababu inafanana na ya familia nyingi za wapiganaji wa zamani ninazoziona hapa Mwanza, na kwa sababu nusu ya kosa ilikuwa yangu.

Kumbe pensheni ya mzee haikuwa ikifika nyumbani. Miaka miwili nyuma alikopa laki tano ili amalizie mazishi ya kaka yake na kumnunulia mjukuu vifaa vya kwenda bweni. Mkopeshaji hakutaka dhamana ya nyumba wala ng'ombe. Alitaka kadi ya benki na namba ya siri. Tangu hapo, kila pensheni ikiingia, mkopeshaji ndiye anayekwenda kwenye mashine, anatoa zote, anamrudishia mzee shilingi elfu arobaini na kumwambia riba bado. Mtaani mikopo hii ina jina lake, kausha damu, na sijui kama aliyeibuni alijua jinsi lilivyo karibu na kazi yangu.

Basi nyumba ilikuwa inakula na kutibiwa kwa kazi ya mama. Yeye alikuwa akikaanga samaki na kuuza pale kivukoni Busisi, kwa abiria na madereva waliokuwa wakisubiri kuvuka kwenda Kigongo. Foleni ikiwa ndefu, biashara inakuwa nzuri. Halafu tarehe 19 Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, kilomita tatu za lami juu ya ghuba, na foleni ikaisha.

Naomba nieleweke hapa. Daraja lile ni baraka kwa afya ya watu wa Sengerema na Geita. Mama mwenye uchungu pingamizi, au mgonjwa wa kiharusi, aliyekuwa akisubiri kivuko huku gari la wagonjwa likiwaka taa bila kwenda popote, leo anavuka kwa dakika chache kuja Bugando au Sekou Toure. Hakuna daktari wa Mwanza anayetamani kivuko kirudi. Lakini nilipofungua faili la mzee na kutazama tarehe, niliona kitu ambacho ningepaswa kukiona mapema: presha ilianza kupanda mwezi uleule samaki wa mama walipokosa wanunuzi.

Ukakamavu na kimya

Wapiganaji wa Vita vya Kagera sasa ni wazee. Majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ile ya uvamizi leo ana miaka inayokaribia 70. Mimi sikuwa nimezaliwa. Ninachokijua nimekisoma au nimesimuliwa, kama habari ya ndege ya Libya iliyotumwa mwishoni mwa Machi 1979 kupiga ghala la mafuta hapa Mwanza ikakosa shabaha na kuua swala katika kisiwa cha Saanane. Wazee wangu wa kliniki huicheka sana hiyo. Mambo mengine hawayacheki, na hawayasimulii.

Kati yao kuna makundi mawili ambayo watu huyachanganya. Wapo walioajiriwa jeshini, wakatumikia hadi kustaafu, ambao wanapata pensheni kutoka Hazina. Kwa wale wa ngazi za chini pensheni hiyo haijawahi kuwa nono: Julai 2015 kima cha chini kilipandishwa kutoka Sh50,114 hadi Sh100,125 kwa mwezi, na ilihesabiwa kuwa hatua kubwa. Kisha wapo mgambo, walioitwa kutoka vijijini wakati jeshi lilipopanuliwa haraka kwa vita, wakapewa bunduki, wakaenda, na waliorudi wakashika tena jembe au nyavu. Hawa hawakuwa waajiriwa, na pensheni hawana. Wawili kati ya wagonjwa wangu wana makovu yaleyale ya vipande vya bomu mguuni. Mmoja anapokea kitu kila mwezi, mwingine anasubiri watoto wamkumbuke.

Na tusidhani mpiganaji ni mzee tu. Wanajeshi wetu wamekwenda mashariki mwa Kongo tangu mwaka 2013. Desemba 2017 walinda amani wasiopungua 14 wa Tanzania waliuawa katika shambulio moja la Semuliki. Walio hai walirudi nyumbani kwa wake na watoto wao, na baadhi ya nyumba hizo ziko hapahapa kando ya ziwa.

Jeshi huwafundisha watu hawa ukakamavu: usilie, usilalamike, maliza kazi. Vitani hilo huokoa maisha. Kwenye nyumba isiyo na hela, ukakamavu hugeuka kimya, na kimya ndicho nilichokuwa nikikitibu kwa amlodipini. Mzee aliona ni aibu kumwambia binti wa umri wa wanawe kwamba kadi yake ya pensheni iko mfukoni kwa mtu mwingine. Kwa hiyo akasema yuko imara.

Mwili unavyolipa deni

Watu huniuliza kama kweli shida ya hela inaweza kupandisha presha, au ni msemo tu. Inaweza, kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile niliyoieleza: dawa zinarukwa. Presha haina maumivu, kwa hiyo mtu anayebana matumizi huanza kubana pale pasipouma. Baadhi ya dawa za presha ukiziacha ghafla, presha huruka juu kuliko ilivyokuwa kabla hujazianza, na hapo ndipo kiharusi au moyo kushindwa kazi hupata nafasi. Chakula nacho hubadilika. Kitoweo kinakuwa dagaa wa chumvi siku saba za wiki, mboga na matunda vinakwenda sokoni kuuzwa badala ya kuliwa.

Ya pili ni wasiwasi wenyewe. Mwili ulio katika hofu ya kudumu hutoa homoni zilezile zilizokusudiwa kumsaidia mtu kukimbia simba, ila deni halikimbiwi. Moyo unapiga haraka usiku, usingizi unakatika saa nane, sukari ya damu inapanda. Na akili nayo inabanwa. Watafiti waliwapima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno wakiwa hawana kitu na baada ya mavuno wakiwa wamelipwa. Mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi katika mazoezi ya kufikiri wakati wa ukata kuliko wakati wa kushiba. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 2013. Hakuwa mjinga mwezi wa ukata. Akili yake ilikuwa imekaliwa na deni. Ukiujua utafiti huu, humshangai tena mtu aliyekabidhi kadi yake na namba ya siri kwa mgeni.

Wavuvi wa dagaa wa ziwa letu wanaijua hali hii bila kupimwa. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi inapumzika, na mialo inakauka hela kwa siku kadhaa. Wenzangu wa vituo vya afya vya visiwani wanasema wanaweza kukisia mwezi ulivyo angani kwa kuangalia idadi ya wagonjwa wanaorudi kuchukua dawa. Nimeanza kuwauliza wagonjwa wangu wa mialoni: dawa zako zinaisha giza au mbalamwezi? Kama zinaisha mbalamwezi, tunasogeza tarehe.

Kwa mpiganaji kuna jambo la ziada. Wapo wanaobeba kiwewe cha vita: ndoto zilezile, kushtuka mawe yanapolipuliwa, hasira za ghafla, kukwepa mikusanyiko, kujihisi mbali na watoto wake mwenyewe. Baadhi yao walitulia kwa miaka mingi kwa sababu kazi iliwashika. Kustaafu, au kukosa kipato, kunaondoa kile kilichokuwa kinawashika, na vita vinarudi baada ya miaka arobaini. Familia husema amerogwa, au amezeeka vibaya. Wengi hujitibu wenyewe kwa gongo, au kwa vidonge vya usingizi vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa bila kuulizwa neno. Viwili hivyo pamoja vinaweza kumsimamisha mtu pumzi usingizini. Na hata bila pombe, vidonge vile havitibu kiwewe. Vinaleta utegemezi, na mzee anaanguka usiku akienda msalani, anavunja nyonga.

Kiwewe kinatibika, hata kikiwa cha zamani. Tiba kuu ni mazungumzo ya kitaalamu ya mara kwa mara, na kwa baadhi ya watu dawa za sonona zinazomezwa kwa miezi kadhaa. Huduma ya afya ya akili ipo Bugando, na hospitali ya rufaa ya mkoa au ya wilaya itakuelekeza. Mke asiseme "twende kwa daktari wa akili", maana mzee hatainuka kitini. Sema "twende kwa daktari wa usingizi". Sioni kama ni uongo. Usingizi ndio tunaouanzia.

Hesabu kwenye karatasi ya dawa

Siku ile, nyuma ya karatasi ya dawa, tuliandika na mama mambo matatu: kinachoingia, siku kinapoingia, na anayekishika. Ilituchukua dakika kumi na moja, nilitazama saa kwa sababu foleni ya nje ilikuwa ndefu. Ndizo dakika zilizonisaidia kuliko vipimo vyote vya figo nilivyokuwa nimeagiza. Mzee alikaa kimya kwanza, kisha akaanza kusahihisha tarakimu. Mtu aliyewahi kushika stoo ya kombania hapendi hesabu zisizofunga.

Jambo la kwanza lilikuwa kadi. Kumpa mtu mwingine namba yako ya siri ni kinyume cha masharti ya benki yoyote, na benki itakupa kadi mpya ukienda mwenyewe na kitambulisho. Deni halifutiki kwa kubadili kadi, na sikumshauri amkimbie mkopeshaji. Nilimshauri deni liwekwe hadharani: limeandikwa wapi, kiasi gani kimelipwa, kimebaki kiasi gani. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni. Ukimwomba mkopeshaji wako akuonyeshe leseni na maandishi ya riba, utajifunza mengi kwa kutazama uso wake. Pia wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambao hawatozi malipo. Ofisi ya kata au maendeleo ya jamii itakuonyesha aliye karibu.

La pili lilikuwa gharama za matibabu yenyewe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Najua mnachotaka kuniambia: unafika dirisha la wazee, unamwona daktari bure, halafu dawa hakuna, unaambiwa ukanunue nje. Ni kweli, na sitaitetea hali hiyo. Hata hivyo kumwona daktari na kupimwa bure si kitu kidogo, na dawa za msingi za presha ni miongoni mwa zile zinazopatikana mara nyingi zaidi kuliko nyingine. Kabla hujaondoka hospitalini mwombe muuguzi akuelekeze kwa afisa ustawi wa jamii. Yeye ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha msamaha wa malipo, na wagonjwa wengi hawajui kama yupo. Kwa daktari pia kuna swali la kuuliza: katika hizi dawa tatu, kama nina uwezo wa kununua moja tu mwezi huu, ni ipi nisiiache? Usijichagulie mwenyewe. Mimi nikiulizwa hivyo mara nyingi naweza kubadilisha dawa mbili za bei kubwa kwa moja ya bei ndogo, lakini siwezi kujibu swali ambalo sijaulizwa.

La tatu ni kipato cha nyumba, na hapo naomba nikiri kwamba mimi si mtaalamu wa biashara. Ninachoweza kusema ni kile ninachokiona baada ya biashara kufa, kwa sababu wenye nazo huishia kwangu. Nimeona kiinua mgongo kizima kikinunua mtumbwi na injini, na dhoruba ya siku moja ikamaliza. Nimeona kingine kikiingia kwenye miradi ya kupanda na kuvuna hela. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka DECI ya mwaka 2009. Siku hizi kuna hamasa kubwa ya vizimba vya kufugia samaki, na Serikali imekopesha vikundi bila riba kwa ajili hiyo. Kwa kikundi chenye vijana wenye nguvu na mtaalamu wa kuwaongoza, ni jambo zuri. Kwa mzee mwenye presha na pensheni moja, chakula cha samaki peke yake kinaweza kumrudisha kwa mkopeshaji.

Nyumba ninazoziona zikisimama zina kipato kidogo kinachokuja mara kwa mara kutoka sehemu mbili au tatu, na kazi inayolingana na mwili wa anayeifanya. Kuku wachache wa kienyeji waliochanjwa kideri. Dagaa waliokaushwa juu ya chanja badala ya mchangani. Hawana mchanga, hukauka vizuri hata mawingu yakiwepo, na hupata bei bora. Bustani ya mchicha, ila kwa anayemwagilia kwa maji ya ziwa avae mabuti, maana kichocho kipo mwambao mzima na mjukuu anayetumwa kuchota maji ndiye anayekipata kwanza. Akiona damu kwenye choo kikubwa au kwenye mkojo, alete. Dawa yake humezwa siku moja.

Mtaji unaweza kutoka katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo haina riba: asilimia nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mzee mpiganaji hujiona hana nafasi humo kwa sababu si kijana wala si mwanamke. Lakini mkewe ni mwanamke, na binti yake pia. Na yeye mwenyewe, kama ana mguu uliokatwa au sikio lililokufa kwa mizinga, huenda anahesabika miongoni mwa watu wenye ulemavu na hajawahi kujiita hivyo. Niliwahi kumwambia mzee mmoja wa Magu, mgambo wa zamani asiye na vidole vitatu vya mkono wa kulia, aende akaulize. Alikasirika. "Mimi si mlemavu, mimi ni mpiganaji." Ilibidi bintiye amwambie kwamba anaweza kuwa vyote viwili. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mwenye masharti ya sasa. Nendeni kwake kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote, na kwa kaya zilizo chini kabisa, ulizeni pia orodha ya TASAF inafanyiwa lini mapitio.

Kuna wanaosema kaya maskini zikipewa hela zitainywa. Ng'ambo ya ziwa hilihili, katika eneo la Rarieda, Siaya nchini Kenya, kaya maskini zilipewa fedha taslimu bila masharti, na watafiti wakazifuatilia. Sonona na msongo vilipungua, watu walikula vizuri zaidi na kununua mifugo, na matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Huwa nayakumbuka nikisikia mtu anasema mzee fulani ni mlevi ndiyo maana ni maskini. Wakati mwingine mshale unaelekea upande wa pili.

Nyaraka, na watoto

Nisiache jambo moja ambalo halihusu dawa hata kidogo. Pensheni ya Hazina husimamishwa mstaafu asipojitokeza kwenye uhakiki. Mzee akilazwa au akiwa hajiwezi, ndugu wapeleke taarifa mapema, wasisubiri akaunti ikauke. Na wakati bado ana akili timamu, wekeni pamoja cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya kustaafu na namba ya pensheni. Nimewaona wajane wakitoka msibani moja kwa moja kuingia kwenye safari za mahakama ya mwanzo na kikao cha ukoo, hawajui hata marehemu alikuwa analipwa na nani. Presha ya mjane katika mwaka wa kwanza wa msiba hunipa kazi kubwa kuliko ya marehemu.

Kwa wazazi mnaosoma ukurasa huu mkiwa na mzee nyumbani, au mume aliyerudi kutoka Kongo: watoto wanajua. Wanajua hela imeisha hata kama hamjasema, na wasipoambiwa hujaza wenyewe, na mara nyingi hujaza kwamba kosa ni lao. Mtoto anayeanza kukojoa kitandani tena, anayeumwa tumbo kila asubuhi ya shule, au binti anayekuwa mama wa nyumba akiwa na miaka kumi na mbili, mpelekeni apimwe, lakini pia mwambieni ukweli wa kiasi chake: hela ni kidogo mwezi huu, chakula kipo, na hilo ni jukumu la wakubwa. Babu akikasirika usiku, mwambieni kuwa babu anaota vita, hamchukii yeye.

Na kama mzee anaanza kugawa vitu vyake, kuaga watu, au kusema nyumba ingekuwa nafuu bila yeye, muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo haliingizi wazo kichwani. Mara nyingi linampa mahali pa kulitua. Viuatilifu vya pamba vitolewe ndani ya nyumba siku hiyohiyo, vikakae kwa jirani au vifungiwe. Asiachwe peke yake, na aletwe hospitali. Akiwa tayari amekunywa sumu, msimtapishe na msipoteze muda kwa maziwa wala kwa kuogopa mtatajwa vipi. Njooni na chupa yenyewe.

Yule sajini amerudi kliniki mara tatu tangu siku ile. Kadi mpya anayo. Mkopeshaji alikwenda nyumbani kwake mara mbili kwa kelele, mara ya tatu akakuta mwenyekiti wa kijiji amekaa kwenye kiti cha mgeni na daftari mezani, wakakubaliana elfu thelathini kwa mwezi hadi deni liishe. Halijaisha. Mama ameacha samaki wa kukaanga, anakausha dagaa kwa chanja pamoja na wanawake wengine wanne, na siku za mbalamwezi bado hawana kitu, kwa hiyo dawa tunazinunua siku za giza na za pensheni. Ya tatu niliyotaka kuiandika sikuiandika. Mbili zilezile, akizimeza kila siku, zimemshusha hadi 152 kwa 94. Bado iko juu. Usingizi unakatika bado, na tumekubaliana amwone mwenzangu wa afya ya akili, ingawa yeye anaendelea kumwita daktari wa masikio.

Mara ya mwisho alipoingia alisimama mlangoni, akapiga saluti, akavuta pumzi aseme lile neno lake. Mkewe akamshika kiwiko, akamwambia akae kwanza, apimwe, ndipo atuambie yuko imara au hayuko.